Klasiki si "ya zamani"

Kwenye sherehe ya kumuaga mpwa wangu, anayekwenda Edinburgh kusoma Klasiki, mshereheshaji alitangaza kwamba "anakwenda kusomea mambo ya zamani." Watu wakapiga makofi. Nikanyamaza, maana pilau lilishaanza kupakuliwa. Lakini wiki hiyohiyo redioni nilikuwa nimesikia wimbo ukiitwa klasiki kwa sababu tu ni wa mwaka 1984.

Kwa kifupi, Klasiki chuoni ni masomo ya Kigiriki na Kilatini cha kale, pamoja na fasihi, historia na falsafa iliyoandikwa kwa lugha hizo. Basi.

Kisa kiko kwenye neno lenyewe. Asili yake, classicus ya Kilatini, haikuhusu umri, ilihusu mali. Warumi waliwapanga raia kwenye madaraja matano kufuatana na utajiri, na Aulus Gellius, mwandishi wa karne ya 2, anaeleza kuwa walioitwa classici ni wa daraja la kwanza peke yao, wenye mali ya sarafu za shaba 125,000 kwenda juu. Waliobaki wote waliitwa "walio chini ya daraja".

Huyohuyo Gellius anasimulia ubishi kuhusu neno harena, yaani mchanga: je, lina wingi? (Sisi wa mchanga na michanga tunawaelewa.) Fronto, aliyekuwa mwalimu wa Marcus Aurelius, mtawala wa Roma, akawaambia wabishi wakatafute kama limetumiwa hivyo na msemaji au mshairi yeyote wa kundi lile la zamani, mwandishi aliye classicus, si kapuku. Uzamani aliutaja kwa neno jingine, pembeni. Classicus ilikuwa daraja, kama tunavyosema mtoto kapata daraja la kwanza kidato cha nne.

Homer, mshairi wa Kigiriki, ni mkongwe kuliko mwanafalsafa Plato kwa karne kadhaa. Hata hivyo wataalamu wakitaja "Kigiriki cha klasiki" kwa maana finyu, wanakusudia kile cha Plato, cha Athene ya karne ya 5 na ya 4 KK. Ingekuwa ni umri, Homer angetangulia.

Kaka mshereheshaji, hukukosea sana. Vitabu atakavyosoma ni vya zamani kweli. Ila akirudi likizo, sema tu kwamba anasoma Kigiriki na Kilatini. Makofi yatakuwa yaleyale.