Ule wimbo wa tajiri si wa Sholem Aleichem, tumalizane leo

Juzi tena. Shughuli yetu ya kila mwaka ya kumsoma Sholem Aleichem, mwandishi wa visa wa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, imekwisha salama, watu wamecheka mpaka wakafuta machozi, viti vinakunjwa, mimi nafunika kinanda changu, anakuja mzee mmoja katinga suti safi ananiambia mmefanya kazi nzuri kijana ila mbona hamkuuimba wimbo wake maarufu? Nikajua hapo hapo. Hata hajaanza kuuvumisha puani nimeshajua ni upi. Ule wa "ningekuwa tajiri", wa kwenye Fiddler on the Roof, yaani "Mpiga fidla juu ya paa", mchezo wa nyimbo uliotokana na hadithi zake za Tevye.

Jamani eeh. Sholem Aleichem alifariki New York tarehe 13 Mei 1916. Fiddler on the Roof imepanda jukwaani Broadway, kule kwenye kumbi za michezo za New York, 1964, muziki wa Jerry Bock, maneno ya nyimbo ya Sheldon Harnick. Yule mzee wa watu alishalala kaburini miaka 48, angeutunga saa ngapi? Na zisomeni hadithi zote za Tevye muuza maziwa, hamtamkuta mtu anapiga fidla juu ya paa, huyo wa paani katoka kwenye michoro ya mchoraji Chagall.

Haya, nisiwe mchoyo. Sholem Aleichem ana monologi moja, kisa cha mtu anayejisemea peke yake, ya mwalimu fukara anayewaza angekuwa Rothschild, yule tajiri wa mabenki, na jamaa wa Broadway walichota humo. Mwalimu anaanza na kitu kidogo tu, kwamba mke asikose rubli tatu, hela ya Urusi, mfukoni ili asimsumbue Sabato ikikaribia, halafu mawazo yanapaa, anakomesha vita dunia nzima, mwisho anaona bora hela zenyewe zifutwe, na akishazifuta ndo anazinduka: sasa hela ya Sabato ntaitoa wapi? Hicho ni chake, tena tunakisoma kila mwaka. Ila wazo la kisa ni kitu kimoja na wimbo ni kitu kingine, mtu wa taarab haniulizi swali hilo maana anajua aliyetunga shairi, aliyetia muziki na aliyeshika maiki wanaweza kuwa watu watatu, japo tuzo wote tunaenda kumtunza mwenye maiki.

Kinachoniuma hasa ni hiki. Wimbo wake kweli upo, na tuliuimba! Ni bembelezi, Shlof mayn kind, shairi lake la 1892. Mama anambembeleza mtoto, baba kaenda Amerika, na huko Amerika eti watu wanakula mkate wa Sabato hata katikati ya wiki, na baba atatuma dola 20 na picha yake, tutamfuata. Nani kwetu hajui hiyo habari? Badili dola ziwe M-Pesa na picha iwe ya mtu kaegemea gari lisilo lake, umefika. Mtunzi hasemi popote kama baba kweli atatuma, anamwacha mama aimbe tu, na ule mkate wa katikati ya wiki unakuchekesha kabla hujastuka kwamba nyumba hii labda haina mkate hata huo wa Sabato. Lakini ukiuimba ukumbini wasikilizaji wanaguna "mm, wimbo wa mapokeo", basi. Wake wanawapa wahenga, usio wake wanampa yeye.

Na nyimbo kwenye jioni hizi si za kujazia muda wakati msomaji anakunywa maji, kama alivyoniambia mwandaaji mmoja. Sholem Aleichem mwenyewe alizunguka na Mark Warshawsky, wakili wa Kyiv aliyekuwa akitunga nyimbo za kuimba kwenye mabaraza ya marafiki, mmoja anasoma visa mwingine anaimba. Ule wa watoto wanafundishwa herufi kando ya jiko, Oyfn pripetshik, ni wa Warshawsky. Nao pia watu huuita wa mapokeo. Nimechoka.

Wanaouliza Mswahili wa Tanga kafikaje huku: nilikodiwa kupiga kinanda. Niliposoma tangazo nikadhani maulidi, maana jina lenyewe ni salaam aleikum yetu hii hii, ni la kalamu, la nyumbani ni Rabinovich. Na kweli ina harufu ya hitima. Wosia wake uliagiza kila mwaka siku ya kufa kwake jamaa wakusanyike, wachague kisa cha kuchekesha hasa, wakisome kwa lugha yoyote wanayoielewa vizuri, na jina lake likumbukwe kwa kicheko au lisikumbukwe kabisa.

Kusoma kwenyewe siongezi mengi: msomaji asicheke. Tevye hajui kama anachekesha, analalamika.

Hiyo ya lugha yoyote ndo imenitia tamaa nikamleta Tevye kwenye Kiswahili, na hapo nakiri nimekwama. Raha yake ni kunukuu maandiko na kuyapindisha, na wasomaji wa Kiyidishi walijua aya yenyewe kwa hiyo walisikia kona inapopindwa. Mimi niweke nini? Nikiweka aya za kwetu nitapigwa mawe, nikiweka methali anageuka mzee wa kijiwe cha kahawa, anachekesha sana lakini kesi yake na Mungu imepotea. Nimejaribu mara nne. Methali imechekesha kuliko zote na siiamini.

Mwakani bembelezi nalitoa mwanzoni nalipeleka baada ya kisa cha Shprintze, binti wa Tevye aliyejitosa mtoni, ambaye kifo hicho Broadway hawakukigusa. Mwimbaji wangu anasema ntawaua watu kwa huzuni kwenye usiku wa kicheko. Bado tunabishana. Na yule mzee wa suti ameshaniahidi atarudi.