Picha ghafi: faili ambalo bado si picha

Picha ghafi, au RAW kama wapiga picha wanavyoiita, ni faili la vipimo vya mwanga kama kihisi cha kamera kilivyovipokea. Jina lenyewe linapotosha kidogo, maana ukiviweka vipimo hivyo kwenye skrini vilivyo, utaona kiza tu chenye ukijani.

Kihisi hakijui rangi. Kila pikseli, yaani kila nukta ya kihisi, hupima wingi wa mwanga, basi, na juu yake pana kichujio kimoja: chekundu, cha kijani au cha buluu. Mpangilio uliozoeleka ni wa Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, uliopewa hataza mwaka 1976: kijani nusu, nyekundu robo, buluu robo. Kwa hiyo kila pikseli ina rangi moja iliyopimwa, na mbili zilizobaki programu huzikisia kwa kutazama pikseli jirani. Ndiyo, theluthi mbili za rangi za picha yako ni makisio! Baada ya hapo weupe husawazishwa ili kilicho cheupe kionekane cheupe, mwanga huinuliwa, chenga (vidoadoa vya picha) hupunguzwa.

Ukipiga kwa JPEG, faili la picha la kawaida, kamera hufanya kazi hiyo yote yenyewe, kisha hutupa vipimo. Kila rangi hubaki na ngazi 256, ilhali faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384. Ndiyo maana uso uliozama kivulini huweza kuokolewa kwenye RAW, na kwenye JPEG ukabaki madoa.

Tatizo ni nani mwenye ufunguo wa mafaili haya. Kila kampuni ya kamera ina fomati yake: Canon ina CR2 na CR3, Nikon NEF, Sony ARW, Fujifilm RAF, na kwa kawaida mpangilio wa ndani hautangazwi. Mwaka 2005 ilibainika kwamba kamera ya Nikon D2X ilikuwa ikificha kwa msimbo taarifa za usawazishaji wa weupe. Thomas Knoll, mmoja wa waasisi wa Photoshop, programu ya kuhariri picha, akalalamika hadharani. Kwa maoni yangu alikuwa na haki: picha ni ya aliyeipiga. Dave Coffin naye alikuwa ameanza tangu 1997 kuyafumbua mafaili haya mwenyewe, akaandika dcraw, programu huria ambayo nyingine nyingi zimeiegemea.

Adobe, kampuni ya Photoshop, ilileta DNG mwaka 2004, fomati ambayo maelezo yake yako wazi kwa yeyote. Pentax na Leica wameikubali. Canon, Nikon na Sony wameendelea na zao, ambazo mpangilio wake wa ndani huweza kubadilika kwa kila kamera mpya. Ndiyo sababu ukinunua kamera iliyotoka juzi, programu yako ya zamani hugoma kufungua mafaili yake, hata kama herufi za mwisho wa jina ni zilezile.