Je, kompyuta inalimaje misimu mia kwa asubuhi moja?

Watu wakisikia kwamba watafiti wamelima mahindi kwenye kompyuta, wengi hudhani mashine imeulizwa ni magunia mangapi yatavunwa msimu ujao, nayo ikatoa jibu. Mavuno yakija tofauti, husemwa kompyuta imedanganya. Dhana hii imeenea kiasi kwamba hata baadhi ya wanaogharimia utafiti huwaza hivyo, na ndiyo maana kazi nzuri ya miaka karibu arobaini kuhusu mashamba madogo ya Afrika hueleweka nusu nusu.

Programu zinazotumika, ziitwazo modeli za mazao, hazijui mvua ya msimu ujao, na hazidai kuijua. Zinalishwa mvua ambayo tayari imenyesha, siku kwa siku, kama ilivyoandikwa kwenye kituo cha hali ya hewa kwa miongo mingi. Kisha zinaulizwa: kama shamba hili, lenye udongo huu na mbegu hii, lingelimwa kwa namna moja katika misimu yote hiyo, ingekuwaje? Eneo kama Machakos, Kenya, lina misimu miwili kwa mwaka, mvua ndefu za Machi hadi Mei na mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Kumbukumbu za miaka 50 zinakupa misimu 100. Kompyuta ya kawaida inaipitia yote kabla hujamaliza chai.

Kinachotoka ni picha ya hatari. Ukiweka mfuko mmoja wa mbolea kila msimu, katika hiyo misimu 100 ni mingapi ingekurudishia fedha na faida juu, na ni mingapi ingekuacha na deni? Jaribio la shambani haliwezi kujibu swali hili kirahisi. Watafiti wakipanda vitalu kwa miaka mitatu, na miaka hiyo ikawa ya neema, ushauri utakaotoka utamfaa mkulima wa miaka ya neema. Mwenye mamia ya ekari anaweza kupoteza msimu mmoja akafidia mwingine. Mwenye ekari moja akipoteza msimu, anauza mbuzi, na mtoto anarudishwa nyumbani kwa karo. Familia haili wastani. Inakula kilichovunwa mwaka huu.

Dhana nyingine ni kwamba mashine imefundishwa kwa picha za satelaiti. Modeli za mazao ni za zamani kuliko hayo, na moyo wake ni hesabu za kujumlisha na kutoa zinazorudiwa kila siku ya msimu. CERES, modeli ya mahindi, ilitengenezwa Marekani miaka ya 1980. APSIM, nyingine ya aina hiyo, ilianza Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Hesabu yenyewe inaanza na maji. Fikiria ndoo kadhaa zimepangwa wima, moja juu ya nyingine, kila moja ikiwa na tundu ubavuni. Kila ndoo ni tabaka la udongo. Mvua ikinyesha, ndoo ya juu inajaa hadi kwenye tundu, na yanayozidi hapo yanashuka kwenye ndoo ya chini yake, hivyo hivyo hadi ya mwisho. Maji yaliyo chini ya tundu yanabaki kwa ajili ya mizizi, isipokuwa kiasi kidogo kilichogandamana na udongo pale kitakoni, ambacho hakuna mmea unaoweza kukivuta. Udongo wa kichanga ni ndoo yenye tundu karibu na kitako: inapokea mvua kubwa na kubakiza kidogo. Mfinyanzi una tundu la juu zaidi, lakini pia maji mengi yamenaswa kitakoni.

Tuseme imenyesha milimita 30, ambazo kwenye ekari moja ni zaidi ya lita 120,000. Programu inatoa kwanza yanayotiririka juu ya ardhi na kwenda mtoni, kisha inajaza ndoo. Kesho yake jua linakausha ya juu, na mizizi inakunywa kutoka kila ndoo iliyoifikia. Wakati huo huo joto linahesabiwa pembeni. Mahindi hupewa alama kwa kila nyuzi zinazozidi 8, kwa hiyo siku yenye wastani wa nyuzi 20 inaongeza alama 12, na alama zikifika kiwango cha mbegu ile, maua yanatoka. Ndoo zikiwa tupu siku hizo za maua, punje zinapungua, na mvua ya baadaye haizirudishi.

Naitrojeni, chakula cha mmea kilichomo kwenye udongo, samadi na mbolea, husafiri na maji hayo hayo. Miaka ya 1950 mtafiti H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga karibu na Nairobi, alionyesha kwamba udongo mkavu ukilowa ghafla, vijidudu vyake huzinduka na kutoa naitrojeni nyingi kwa muda mfupi. Mbegu iliyopandwa mapema inakutana na karamu hiyo. Iliyochelewa wiki mbili inaweza kukuta naitrojeni imeshashuka kwenye ndoo za chini, mbali na mizizi michanga. Wakulima wa maeneo makavu wanajua faida ya kuwahi kupanda, na hesabu inaonyesha sababu yake mojawapo.

Kenya ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza Afrika ambapo njia hii ilipimwa kwa uzito. Katika kituo cha Katumani, Machakos, watafiti wa Kenya na Australia waliichukua CERES na kuirekebisha ifuate mahindi ya Katumani yanayokomaa upesi, yaliyopandwa kwa nafasi pana kama wanavyopanda wenyeji. Matokeo yalijadiliwa Nairobi mwaka 1990. Kila mtu alikuwa akisema tatizo la Ukambani, eneo la Machakos na jirani zake, ni mvua. Hesabu ilionyesha kwamba katika misimu mingi mahindi yalikosa naitrojeni kabla ya kukosa maji, kiasi kwamba mvua nzuri ilipokuja shamba lilishindwa kuitumia. Kwangu mimi hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika habari hii, kwa sababu mvua hainunuliki, lakini samadi inabebwa hadi shambani na mbolea inanunulika.

Zimbabwe ilipeleka hoja hiyo mbele. Huko modeli zilisaidia kuonyesha kwamba kiasi kidogo, yapata kilo 17 za naitrojeni kwa hekta, ambazo zinapatikana katika mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya amonia naitreti, kina hatari ndogo kuliko kiwango kikubwa kilichozoeleka katika ushauri rasmi. Mkulima alipima kwa kizibo cha chupa, akiweka karibu na shina. Kuanzia msimu wa 2003/04 zaidi ya kaya 160,000 zilifikiwa, na mavuno yalipanda kwa asilimia 30 hadi 50. Takwimu hizo zilitoka shambani kwa wakulima. Kompyuta ilisaidia kuchagua cha kujaribu.

Mipaka yake iko wazi. Viwavijeshi vamizi, vilivyoingia Afrika mwaka 2016, kwa kawaida havimo katika hesabu hizi, na kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, pia kwa sehemu kubwa hakimo. Mahindi na maharage yaliyochanganywa yanaigwa kwa shida kuliko zao moja. Kuhusu miaka mingi mbele ushahidi ni mwembamba zaidi, maana modeli ya rutuba inahitaji jaribio refu la kupimia ukweli wake, na Afrika ina machache. Mojawapo ni la Kabete, Nairobi, lililoanza mwaka 1976, ambako kaboni ya udongo, yaani kipimo cha mboji iliyomo, ilishuka hata katika vitalu vilivyopata samadi, ingawa polepole zaidi.

Tena shamba dogo si kitalu kimoja. Magharibi mwa Kenya, na pia nchini Zimbabwe, kipande kilicho karibu na nyumba hupata majivu, mabaki ya jikoni na samadi ya zizi, na kile cha mbali huvunwa tu. Ndiyo maana watafiti waliunda modeli za shamba zima, zenye ng'ombe, mabua na hata lundo la samadi linalopoteza naitrojeni likiachwa wazi kwa jua na mvua. Zilionyesha kwamba kipande kilichochoka sana huenda kisiitikie mbolea ya dukani mpaka kipate samadi kwa misimu kadhaa. Lakini samadi inayopelekwa huko imeondolewa kwenye kipande cha nyumbani kinacholisha familia mwaka huu, kwa hiyo mwenye ng'ombe wawili na asiye na ng'ombe hawapewi jibu moja.