Piaget tunamsoma, ila hatumfuati

Kila mwaka kuna mwanafunzi wa saikolojia ananiuliza, sasa kama hawa wazee walioanzisha saikolojia walikosea mbona bado tunawasoma? Nalipenda hilo swali. Wundt, Mjerumani aliyeipeleka saikolojia maabara, kila mtu anamtaja, maabara yake ya Leipzig ya 1879 haikosi kwenye mitihani, ila hakuna anayefanya utafiti kwa kujichungulia akili kama alivyowafundisha watu wake. Freud, yule wa kutafsiri ndoto, ndo usiseme.

Mimi nasoma akili za watoto wachanga kwahiyo wangu ni Jean Piaget, Mswisi aliyechunguza akili ya mtoto inavyokua. Jamaa alikaa na wanawe mwenyewe watatu, anaficha kitu chini ya kitambaa, anaangalia mtoto atafanyaje. Akaona kabla ya miezi kama 8 mtoto hatafuti, anaacha tu, akasema basi kwa huyu mtoto kitu kisichoonekana ni kama hakipo. Halafu 1985 mtafiti Renée Baillargeon na wenzake wakaacha kungoja mtoto atafute kwa mikono, wakaangalia macho yake. Watoto wa miezi 5 walizoeshwa kwanza kuona kibao kinainuka kinalala upande wa pili, kisha likawekwa boksi nyuma yake, kibao kikiinuka kinaliziba. Mara nyingine kiligota pale lilipo boksi, mara nyingine kikapitiliza mpaka chini kana kwamba boksi halipo, na hapo ndo watoto walikodoa macho muda mrefu zaidi. Yaani kama vile walijua boksi lipo! Wapo wanaoibishia tafsiri hiyo mpaka leo, na ugomvi wenyewe mtamu, ila umri alioutaja Piaget haukusimama tena kama zamani.

Sasa angalia, Baillargeon asingekuwa na cha kupima kama Piaget angesema maneno ya juujuu tu. Alisema umri, akasema mtoto anafanya nini, akasema maana yake nini, kwahiyo mtu aliweza kwenda kuangalia akakuta sivyo. Mimi ndo ninachomheshimia hicho, kuliko zile hatua zake 4 za akili ya mtoto kukua, ambazo watu wanakariri kama sheria pamoja na umri wa kila hatua. Inaniuma kwa kweli, mwanafunzi anajua hatua zote ila hajawahi kuambiwa kuhusu kitambaa, hajui hata zilitoka wapi.

Tukiwa maabara bado tunaficha vitu mbele ya watoto, mchezo ni uleule wa Piaget, majibu tunayoandika baadaye mara nyingi yanampinga. Muhula huu nimeamua darasa linaanza na kitambaa, hatua 4 zitasubiri.