Chipsi hazina neno, kachumbari je?

Mtu akiharisha baada ya kula barabarani, wa kwanza kulaumiwa ni mshikaki. Mara nyingi mshikaki anaonewa. Nyama iliyoiva mpaka ndani, joto likafika nyuzi 70, huwa imepoteza karibu vijidudu vyote hatari. Sisi maafisa afya tunachokitilia shaka zaidi ni kile kisichopita motoni: kachumbari, sahani na mkono.

Mtazame muuza mayai ya kuchemsha pale stendi. Yai likiwa ndani ya ganda halina tatizo. Anapokea noti, anatoa chenji, anamenya, anapasua kwa kisu ambacho hakijaoshwa tangu asubuhi, kisha anajaza kachumbari kutoka kwenye kopo lililoshinda juani. Glavu hazimsaidii kama ndizo hizo hizo zinazopokea hela. Afadhali aweke kopo la pesa, mteja atumbukize na kuchukua chenji mwenyewe. Nyanya na vitunguu vioshwe kwa maji safi na salama kabla ya kukatwa, na kachumbari ikatwe kidogo kidogo, isipitishe muda wa saa mbili kwenye joto la Dar es Salaam.

Shida kubwa zaidi ni ndoo ya kusuuzia. Kufika mchana maji yamekuwa na rangi ya mchuzi, na bado sahani zinachovywa humo. Mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 2015, ulioanzia Dar es Salaam mwezi Agosti na kusambaa mikoani, ulitukumbusha kwamba mtu anaweza kubeba vimelea bila dalili yoyote. Akitoka chooni bila kunawa kwa sabuni, akashika vyombo au maji hayo, wateja wote wanaofuata wamo hatarini.

Kwa hiyo mama lishe awe na ndoo yenye koki kwa ajili ya kunawa, na mabeseni matatu kwa vyombo: la sabuni, la kusuuzia, na la dawa. Jiki isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5, hutosha kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji. Chombo kikae humo dakika moja au mbili. Sabuni itangulie, kwa sababu mafuta na mabaki ya chakula hula nguvu ya dawa. Vyombo vikauke kwa hewa. Kile kitambaa cha begani kibaki cha jasho.

Wali unaopelekwa kwa mafundi wa ujenzi nao una mambo yake. Kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa. Wali ukipoa polepole, mbegu hizo huamka na bakteria hutoa sumu ambayo hata kupasha moto hakuiondoi. Mimina maji yanayochemka kwenye hotipoti, lifunike dakika chache, yamwage, ndipo upakue wali wa moto. Lengo ni usishuke chini ya nyuzi 60 mpaka mlaji wa mwisho.

Halmashauri nazo zinahusika. Faini haioshi sahani. Mahali wanapokusanyika wauzaji, bomba moja la maji, choo na pipa la taka vitapunguza magonjwa kuliko mgambo anayewafukuza, maana aliyefukuzwa hukimbilia kona isiyo na maji kabisa.