Kupresenti pepa kwa ufupi: watu wanavyodhani na ukweli wenyewe

Wengi wanaamini ukipewa dakika 10 kupresenti pepa ya watu, yaani makala ya utafiti, basi lazima uipitie yote, utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala, kwa mpangilio uleule wa mwandishi. Hapana jamani. Pepa ipo, anayeitaka ataisoma. Wewe tuambie waliuliza nini, wakapata nini na kwa nini tuwaamini.

Chukua ishu ya Mpemba, hii ni ya kwetu kabisa. Erasto Mpemba akiwa mwanafunzi wa sekondari aliona maziwa ya aiskrimu yaliyoingia kwenye friza yakiwa ya moto yanawahi kuganda, baadae akamuuliza Denis Osborne wa chuo kikuu hapa Dar, mbona maji ya nyuzi 100 yanaganda kabla ya yale ya nyuzi 35 wakati ujazo ni sawa? Pepa yao ikatoka 1969. Sasa hilo swali ukilisema hivyohivyo hata abiria wa daladala ya Mbezi atageuka akusikilize, lakini mtu anaanza na slaidi nne za historia ya thamodainamiki, yaani sayansi ya joto, mpaka ukumbi umeshashika simu!

Eti muda ukiwa mchache ongea haraka, au bana herufi. Si kweli, ufupi ni kuacha vitu. Jedwali la safu tisa halisomeki kwenye projekta, toa safu mbili zinazojibu swali, chora grafu moja, halafu kabla ya kusema matokeo waelekeze watu mhimili wa chini ni nini na wa juu ni nini, hapo ndo wengi wanapotea.

Na maneno magumu hayakuongezei maksi, ukweli ndo huo.

Dhana inayoniuma zaidi ni hii ya kuruka mapungufu ya utafiti kisa dakika zimeisha. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden kule Uingereza walipima upya hayo maji, hawakupata ushahidi wa maana kwamba ya moto yanawahi, na wakaonyesha kipimajoto kikisogea sentimita 1 tu juu au chini kinaweza kukupa jibu la uongo. Hiyo ni sentensi moja, inakula sekunde chache, na bila hiyo umewadanganya wasikilizaji. Kata utangulizi, hiyo ibaki.

Lile jedwali zima liweke baada ya slaidi ya mwisho, supavaiza akiuliza namba unalifungua.