Hawakufungiwa mle ndani: makosa yanayorudiwa kuhusu One Flew Over the Cuckoo's Nest

Juzi tena nimeletewa insha ya kurasa nne, Kiingereza safi, hoja zimepangwa, halafu sentensi ya kwanza kabisa inasema McMurphy anawaongoza wafungwa kuiasi wodi iliyowafungia. Nafundisha fasihi na hii riwaya ya Ken Kesey ya mwaka 1962, ya wodi ya hospitali ya wagonjwa wa akili na McMurphy, mgonjwa mpya anayeivuruga, nimeifundisha mara nyingi, na hiyo sentensi nimeshaisoma kwa miandiko ya kila aina. Naona bora niandike hapa mara moja niwe nawatumia tu.

"Wagonjwa wamefungiwa kwa nguvu, ndo maana wanaasi."

Hapana jamani. Wengi wa wale Acutes, yaani wale wanaohesabiwa kuwa bado wanaweza kupona, wamejileta wenyewe. Harding kajiandikisha mwenyewe. Billy Bibbit kajiandikisha mwenyewe. Sefelt naye hivohivo. Ukiwatoa baadhi ya Chronics, yaani wale wanaohesabiwa kuwa hawaponi tena, waliowekwa mle kwa amri ni Scanlon na McMurphy mwenyewe, basi. Wengine wote wangeweza kusaini karatasi asubuhi wakawa kwao jioni, na wanajua, na hawasaini. Hilo ukiliruka hujasoma kitabu, umesoma hadithi nyingine ya jela, na hadithi za jela ziko nyingi.

Angalieni Kesey alivyopanga matukio, maana hakupanga ovyo. McMurphy anaingia mle akitokea shamba la kazi la wafungwa la Pendleton, kajifanya kichaa ili akwepe jembe, na mwanzoni anamchokoza Nesi Ratched, mkuu wa wodi, kila siku kwa sababu anadhani kifungo chake kina tarehe ya kuisha. Halafu siku moja kwenye bwawa la kuogelea anaambiwa na mlinzi wa bwawa, ambaye naye ni mgonjwa, kwamba mtu aliyewekwa kwa amri hatoki mpaka wakubwa wa hospitali waseme atoke. Kesho yake anasugua vyoo kama alivyoagizwa. Ndiyo, shujaa wenu anatii, tena anatii vizuri tu, na wenzake wanaona na wanaelewa kwa nini. Cheswick anasimama kwenye kikao kudai sigara zao, anageuka kumtazama McMurphy amuunge mkono, McMurphy kimya. Cheswick anapelekwa juu kwenye wodi ya wakorofi, anarudi, anamwambia McMurphy kwamba amemwelewa, wanaenda kuogelea, na anafia bwawani vidole vyake vimeng'ang'ania wavu wa chini. Wanafunzi wanaoniandikia insha za "McMurphy muasi" karibu wote hilo wanaliruka, na sijui wanawezaje kuliruka, kwa sababu mtu amekufa hapo.

Baada ya hapo ndo anaambiwa kwamba wenzake wako mle kwa hiari. Wanasubiri eksirei, anawalaumu kwamba wamemwacha achokoze peke yake na hawakumwambia hatari iliyopo, Harding anamjibu taratibu kwamba yeye hakuwekwa na mtu. McMurphy haamini. Anamgeukia Billy, kijana mdogo, mwenye kigugumizi, kwamba wewe si ungekuwa nje huko na gari na wasichana, na Billy anaanza kulia, anasema angeweza kutoka leo hii kama angekuwa na ujasiri. Someni huo ukurasa polepole. Uwoga wa Billy hauna ufunguo wa kuibiwa wala geti la kuvunjwa. Kwenye kikao kinachofuata McMurphy anaamka, anatembea mpaka kwenye kituo cha manesi, anapitisha mkono kwenye kioo kuchukua sigara zake, halafu anasema kioo kilikuwa kisafi mno hata akasahau kama kipo. Uasi wa kabla ya hapo ulikuwa mchezo wa kamari, alikuwa ameweka dau na wenzake kabisa kwamba atamkasirisha nesi. Huu wa baada ya kioo anaufanya akijua bei yake, na anaufanya kwa ajili ya watu ambao mlango wao uko wazi. Ni vitu viwili tofauti kabisa, mkiviita vyote "uasi" bila kuvitenganisha nawakata maksi na nitaendelea kuwakata.

"McMurphy ndo mhusika mkuu."

Hii inatoka kwenye filamu ya 1975, ile ya Miloš Forman na Jack Nicholson, iliyobeba Oscar tano kubwa. Filamu nzuri, sibishi, ila ilimwondoa msimulizi, na Kesey mwenyewe hilo lilimuuma. Kitabu kinasimuliwa na Chief Bromden, baba yake chifu wa Wamarekani wa asili wa mto Columbia, mtu mrefu kupita wote wodini, anayejifanya bubu na kiziwi miaka yote hiyo. Na hakuanza kujifanya hospitalini. Alikuwa mtoto, wakaja watu wa serikali kijijini kwao wakataka kununua ardhi, akawajibu, wakaendelea kuongea kana kwamba hajafungua mdomo. Ardhi ilitakiwa kwa ajili ya bwawa la umeme la The Dalles, na bwawa hilo ni la kweli, lilizamisha maporomoko ya Celilo mwaka 1957, miaka mitano tu kabla kitabu hakijatoka. Kwa hiyo anaposema kuna mtambo mkubwa unaotengeneza watu wote wawe saizi moja, anaouita Combine, anaongea mtu ambaye kwao kumeshafunikwa na maji.

Ushauri wangu kila mwaka ni uleule: shika penseli, kila anaponyoosha mtu mkono andika jina lake pembeni. Kwenye kura ya kutazama besiboli kwenye TV wodi ina watu 40, wamenyoosha 20, inatakiwa kura moja zaidi. Mkono wa Bromden unapanda. Kwanza anatuambia McMurphy ameufunga nyaya anauvuta. Halafu anajisahihisha hapohapo, anakiri kwamba ameunyanyua mwenyewe. Kwangu hiyo mistari michache ina uzito kuliko kioo, kuliko safari ya kuvua samaki, kuliko fujo zote za McMurphy.

"Tatizo lote ni Nesi Ratched."

Ni mkatili, anamtishia Billy kwa mama yake mpaka kijana anajiua, siwezi kumtetea. Lakini Bromden anasema wazi kwamba huyu nesi ni fundi tu wa ule mtambo. Na hapa niseme lingine: Kesey kawaandika wanawake vibaya, karibu kila mwenye mamlaka mle ni mwanamke anayewanyong'onyeza wanaume, na wahudumu weusi kawaandika kwa matusi na bila utu. Hiyo ni kasoro ya kitabu, iandikeni kwenye insha bila kuogopa, haikipunguzii kitu.

"Kesey alikuwa mgonjwa pale." Alikuwa mhudumu wa zamu ya usiku, hospitali ya maveterani Menlo Park, California.

"Shoti ya umeme wanayopewa wagonjwa wa akili mpaka leo ni ileile." Siyo. Ile ya kitabuni inatolewa kama adhabu, mtu yuko macho. Siku hizi mgonjwa analazwa kwa dawa ya usingizi na misuli inalegezwa kwanza. Msimkatishe ndugu yako matibabu kwa sababu ya riwaya ya 1962.

"McMurphy aliuawa, kwa hiyo uasi ulishindwa."

Geuzeni kurasa za mwisho muhesabu. Sefelt na mgonjwa mwenzake Fredrickson wanasaini kutoka pamoja kinyume na ushauri wa daktari. Siku mbili baadaye wanatoka wengine watatu, sita wanahamia wodi nyingine. Yote hayo yanatokea McMurphy akiwa hayupo wodini. Bromden anang'oa ile paneli ya chuma na zege iliyomshinda McMurphy na anapita dirishani, na hiyo ndo picha inayokumbukwa. Mimi namkumbuka zaidi Harding. Usiku wa pati waliyoifanya kwa siri wodini waliwekewa mpango wa kutoroka, akakataa, akataka atoke mwenyewe kwa mlango wa mbele, mchana, makaratasi yote yakiwa yamejazwa, mke wake akiwa nje na gari. Na hivyo ndivyo alivyotoka.